Barua za mafundi: Muuzaji wa tinti hapokei simu

Mwezi huu mfuko wa barua umejaa tinti. Wengi walioandika ni mafundi wa vioo vya magari wa hapa Dar es Salaam, na karibu wote wanamlalamikia mtu mmoja: yule anayewauzia rola. Tumechagua barua saba, tumezifupisha, na majina ya maduka tumeyaondoa.

Wataalamu, habari za kazi. Mimi ni fundi tinti Tabata. Zamani nikienda dukani Kariakoo, kaka wa kaunta alikuwa ananiambia kabla sijauliza: "Fundi, mzigo huu umekuja mweusi kidogo, usiuchanganye na ule wa mwezi uliopita." Kaka yule hayupo tena. Wapo vijana watatu, kila mmoja na simu mbili, na ukiuliza unaambiwa "angalia kwenye grupu". Juzi nimeletewa rola na bodaboda. Boksi ni lilelile, tinti siyo: nyembamba, na kwenye kioo cha nyuma inajikunja ukiipiga moto. Nimepiga simu, haipokelewi. Nimeandika, tiki mbili za bluu, basi. Nifanyeje? (Fundi, Tabata)

Fundi, pole. Tuanze na kile hasa ulichopoteza. Si salamu wala soda ya baridi. Yule kaka alikuwa anakuuzia taarifa pamoja na rola, na taarifa ile haikuwa na bei wala haikuandikwa kwenye risiti. Alijua mzigo upi umeingia lini, upi ulikaa juani, upi umerudishwa na fundi wa Sinza. Alipoondoka, ameondoka nayo yote kichwani. Vijana waliopo hawakunyimi kitu. Hawana cha kukupa.

Duka lenyewe nalo limebadilika. Anayeuza tinti leo anauza pia taa za LED, makava ya siti, mazulia ya gari na kamera za nyuma. Tinti imebaki rafu moja tu. Mzigo unakuja kwenye kontena la kuchangia, kutoka kiwanda kilichotoa bei nzuri safari hiyo, na boksi linachapishwa jina lilelile. Kwa hiyo boksi usiliulize kitu. Na tuseme yote: mafundi nao wamo. Duka lililokuwa linakata mita, linabadilisha rola na kuelekeza watu lilikuwa ghali kwa shilingi elfu kumi, wateja wakalihama kimya kimya. Mshahara wa yule kaka ulikuwa humo ndani ya hiyo elfu kumi.

Sasa kazi yake inabidi uifanye mwenyewe. Rola moja haikumalizii robo saa.

Kabla bodaboda hajaondoka, fungua boksi utazame ndani ya bomba la katikati. Rola nyingi za maana zina kibandiko humo chenye aina, kiwango cha giza na namba ya bachi, yaani ya mkupuo uliotengenezwa pamoja. Boksi hubadilishwa kirahisi, kibandiko cha ndani ya bomba ni mara chache. Usipokuta namba popote, ujue rola hiyo ikileta matatizo haina pa kurudi.

Kisha pima uzito. Mzani wa muuza nyanya wa jirani unatosha. Tinti ni polyesta, na sentimita moja ya ujazo ya polyesta ina uzito wa kama gramu 1.4. Tinti ya kawaida ya gari ina unene wa mil 1.5, yaani maikroni 38 (maikroni elfu moja ni milimita moja). Ile nailoni ya kinga unayoibandua ina kama maikroni 25. Kwa rola ya upana wa sentimita 152, kila mita inakuja na gramu 133 hivi, kwa hiyo rola ya mita 30 ni kilo 4 bila bomba. Ikiwa ni mil 2, yaani maikroni 50, tegemea kilo 4.7 au 4.8. Gundi huongeza kidogo. Weka bomba moja tupu karakana, lipime mara moja, uandike uzito wake ukutani. Rola iliyoandikwa mil 1.5 ikikupa kilo 3.3, ama imepungua mita tano ama imepungua unene, na hapo simu yako ina cha kusema.

La tatu ni asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha. Kata kipande cha ukubwa wa kiganja, bandua nailoni, sugua upande wa gundi kwa kitambaa cheupe chenye asetoni. Kitambaa kikitoka cheusi na plastiki ikabaki nyeupe inayoona, rangi ilikuwa ndani ya gundi tu. Tinti ya namna hiyo ndiyo inayowahi kugeuka zambarau kwa jua letu, hata kama boksi limeandikwa kaboni, aina isiyotakiwa kupauka. Unaweza kuiuza, lakini iuze kwa bei yake na umwambie mteja.

Kipande kingine kibandike kwa nje kwenye kioo cha nyuma chenye mbinuko, ukipige moto kama kawaida. Nzuri inanywea taratibu na kulala. Mbaya inajikunja ghafla au inapauka kabla haijalala, na ukishaona hivyo usiikate ya gari la mteja.

Yote haya yaingie kwenye daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwenye tinti kinachopotea ni rangi. Kwa kila rola piga stepla kipande cha sentimita 5 kwa 10 kwenye ukurasa, andika namba ya bachi, tarehe, duka, na chini yake namba za magari yote yaliyotumia rola hiyo. Mteja akirudi baada ya mwaka kavunjiwa kioo cha mlango mmoja, unafungua ukurasa na kulinganisha. "20", yaani asilimia ya mwanga unaopita, ya duka hili si "20" ya duka lile, na jicho la mteja linaona tofauti gari likiwa nje kwenye jua.

Oda nayo iwe fupi na iwe na namba. Mfano:

"Bosi, rola 2. Kaboni 20, upana 152, mita 30. Bachi kama kwenye picha hii. Kama ni bachi nyingine, niambie kabla hujampa boda. Nafungua na kupima ikifika. Nisipokujibu 'sawa' usihesabu nimepokea."

Sentensi ya mwisho si ya madaha. Kwa Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura 214, mali iliyouzwa kwa maelezo au kwa sampuli inatakiwa ilingane na maelezo au sampuli hiyo, na mnunuzi ana haki ya kupata nafasi ya kuikagua. Ila ukishaikata na kuibandika kwenye magari matatu ndipo ukumbuke kulalamika, haki ya kuirudisha inadhoofika. Unabaki kudai fidia, na hiyo ni safari ndefu.

Kuhusu simu: kati ya saa 3 na saa 6 asubuhi usimpigie, wateja wa mikoani wamemjaa. Jaribu saa 9 alasiri. Na mara moja kwa mwezi panda daladala uende mwenyewe, ukiwa umebeba kipande kilichojikunja. Kipande kikiwa mezani mbele ya wateja wengine, tajiri mwenyewe atatoka ofisini.

Nina banda la kuosha magari Kimara na nimeanza kuweka tinti, fundi ninaye. Zamani walikuwa wanakata mita tatu tatu. Sasa muuzaji anataka ninunue rola nzima kwa kila rangi. Wateja wangu wa tinti ni watatu au wanne kwa wiki. Ninunue upana gani, na rangi ngapi? (Mama wa banda, Kimara)

Mama, anza na rangi mbili, si tano. Rola tano ni pesa iliyolala banda la mabati, na joto la pale Februari gundi haliipendi. Watengenezaji wengi wanataka rola isikae kwenye joto linalozidi nyuzi 38. Ilaze nyumbani ndani, kwenye boksi lake, na vile vifuniko viwili vya plastiki vya ncha usivitupe: vinaibeba rola ining'inie ndani ya boksi isilalie tumbo. Ukipanga rola tatu juu ya nyingine bila boksi, ya chini inapata alama za kubanwa zisizotoka.

Upana: chukua 152. Vioo vingi vya milango ya magari madogo vina kimo cha chini ya sentimita 50, kwa hiyo upana wa 152 unakupa vipande vitatu sambamba, na kioo cha nyuma unakikata kwa kukilaza. Gari kama IST fundi makini hutumia mita 3 hivi; Noah au Alphard inaelekea mita 5. Rola ya mita 30 kwenye karatasi ni IST kumi. Wewe hesabu tisa, maana lazima kuna kipande kitakachoingia mchanga.

Rola ya upana wa 50 inaonekana nafuu kwa kuwa bei yake ni ndogo. Piga hesabu kwa mita ya mraba. Kwa bei za mfano tu: rola ya 152 kwa shilingi 380,000 ina mita za mraba 45.6, yaani shilingi 8,333 kila moja. Rola ya 50 kwa shilingi 150,000 ina mita za mraba 15, yaani 10,000 kila moja. Isitoshe, kioo cha nyuma chenye kimo kinachozidi 50 kitabaki na mstari wa kuunga katikati, na mteja atauona kila akitazama kioo cha kuangalia nyuma.

Kama rola nzima bado ni mzigo, changieni mabanda mawili au matatu yaliyo karibu. Sharti moja: kila anayekata aandike juu ya boksi tarehe, mita alizokata na mita zilizobaki. Bila hivyo mtagombana kabla rola haijafika nusu.

Niliweka tinti miezi minane iliyopita. Vioo vya upande wa kulia vimekuwa zambarau, na kioo cha nyuma kina mapovu. Fundi anasema rola ilikuwa mbovu, muuzaji anasema fundi hajui kazi. Nani mkweli? (Mwenye gari, Mikocheni)

Kioo chenyewe huwa kinasema, ukijua kukisoma.

Zambarau ni rola. Hakuna kosa la fundi linalobadilisha rangi. Tinti ya rangi ya bei rahisi huanza kupoteza weusi, na inayobaki mwisho ni ile nyekundu na bluu. Ikiwa upande wa kushoto bado mzima, tazama unapoegesha gari: upande wa kulia ndio unaopigwa jua la mchana kutwa. Hapo fundi ana haki.

Mapovu yana aina zake. Yakiwa madogo, makali, kila moja na chembe katikati kama kihema, ni vumbi au uzi wa kitambaa. Hiyo ni ya fundi, na ilikuwepo tangu siku ya kwanza. Yakiwa ni vidimbwi vya maji vilivyoonekana wiki ya kwanza kisha vikaisha, hakuna kosa. Maji yanakauka kupitia tinti yenyewe, siku chache kwa jua la Dar, zaidi kipindi cha masika. Lakini mapovu yaliyotokea baada ya miezi, makubwa, yametapakaa kioo kizima huku kingo bado zimeshika, ni gundi imekufa. Hiyo ni ya muuzaji.

Kubanduka kwenye ukingo wa juu wa kioo cha mlango mara nyingi ni ya fundi: ama hakuacha ile nafasi ya milimita 1 au 2, ama hakusafisha mpira. Inaweza pia kuwa yako mwenyewe, kama ulishusha kioo siku ya pili. Siku tatu hadi tano kioo hakishushwi.

Kuna alama moja ambayo mafundi wengi hawaijui, nayo huwatetea sana. Ukiona mstari au kidoti kinajirudia, chukua tepu upime umbali. Rola mpya ya mita 30 ina kipenyo cha karibu sentimita 10, kwa hiyo mzunguko wake ni kama sentimita 31. Alama inayojirudia kila sentimita 31, na umbali ukapungua kidogo kidogo kuelekea 27 kadiri rola inavyoisha, imetoka kwenye rola: kuna kitu kilibanwa ndani wakati wa kuviringisha au kuhifadhi. Mkono wa fundi hauwezi kukosea kwa vipimo. Piga picha ya kioo tepu ikiwa imewekwa juu yake, muuzaji atakosa pa kukimbilia.

Kwa upande wako, mwambie fundi akuonyeshe namba ya bachi na risiti ya EFD ya rola ile. Akiwa navyo, nendeni dukani pamoja. Asipokuwa navyo, amejinyima ushahidi, na wewe unamdai yeye uliyempa pesa, si muuzaji usiyemjua. Ujue pia kwamba garantii ikikubaliwa, mara nyingi hutoa tinti mpya tu. Kazi ya kubandua na kubandika ni mapatano mengine.

Wakati wa kubandua kioo cha nyuma, wembe usiguse. Ile mistari myembamba ya kuondoa ukungu ni rangi inayopitisha umeme iliyochapwa juu ya kioo, na wembe ukipita mara moja mstari umekatika. Nyunyiza maji ya sabuni nje, bandika nailoni nyeusi ya taka, nyunyiza na ndani, egesha juani saa 6 hadi saa 7 mchana. Kisha vuta tinti polepole kuanzia kona, ikiwa bado ya moto. Gundi iliyobaki iloweke, itoke kwa sponji, ukifuata mwelekeo wa mistari.

Mnatuandika vibaya sisi wauzaji. Fundi ananunua rola, anaharibu mita sita akijifunza kwenye Alphard ya mtu, kisha anairudisha anasema mbovu. Ndiyo maana nimebandika kibao: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Simu nazo, nikipokea zote nitauza saa ngapi? (Muuzaji wa jumla, Kariakoo)

Mzee wetu, shikamoo. Malalamiko yako tunayajua, na wanaofanya hivyo wapo. Tatizo la kibao ni kwamba kinawafukuza wote kwa pamoja, fundi mwongo na yule mwenye tepu na picha. Wa pili ndiye anayenunua rola nne kwa mwezi.

Badala yake weka masharti yanayopimika. Rola irudi ndani ya siku 7, isiwe imekatwa zaidi ya mita 3, iwe na bomba na kibandiko chake, na picha ya kasoro iliyopigwa kabla tinti haijapigwa moto. Anayejifunzia kwenye Alphard hatatimiza hata mawili. Namba ya bachi iandikwe kwa kalamu nyuma ya risiti ya EFD. Ni sekunde kumi, na inakukinga na wewe dhidi ya anayeleta rola ya duka la jirani.

Simu ni kweli zinachosha, lakini nyingi zinauliza maswali yaleyale manne: ipo, bachi gani, mil ngapi, bei gani. Mzigo ukiingia, piga picha ya kibandiko cha ndani ya bomba uiweke kwenye grupu pamoja na bei. Utashangaa simu zitakavyopungua. Zitakazobaki mpe kijana mmoja asiyebadilishwa kila mwezi, naye ashike tinti tu, taa na makava awaachie wenzake.

Kukata mita usikuache, kuweke bei. Ongeza asilimia 10 au 15 juu ya bei ya mita ya rola nzima, watu wa Kimara watalipa. Na kwenye dirisha lako linalotazama magharibi bandika sampuli ya kila aina, nusu yake ifunikwe kwa karatasi ya foili. Baada ya wiki 10 ondoa foili. Utajua mwenyewe mzigo upi usiagize tena, kabla fundi hajakupigia.

Nimebandika tinti nyeusi kwenye madirisha ya sebule, ghorofani Upanga. Nilinunua kwa simu, nikaletewa. Wiki ya pili kioo kimoja kimepasuka chenyewe saa 10 jioni, hakuna aliyekigusa. Fundi anasema ni jengo. (Mkazi, Upanga)

Angalia ufa ulikoanzia. Ufa wa kugongwa huanzia sehemu moja na kutawanyika kama miale. Ufa wa joto huanzia ukingoni, unaingia ukiwa umesimama wima dhidi ya fremu kwa sentimita chache, kisha unapinda pinda. Wako huenda ni wa pili, na saa 10 jioni ndiyo saa yake kwa dirisha la magharibi.

Tinti nyeusi inakunywa joto la jua na kulipeleka kwenye kioo. Katikati kunapanuka, kingo zilizofichwa ndani ya fremu zimebaki baridi, kioo kinavutana hadi kinaachia, hasa kama ukingo wake una kijimeno cha tangu kilipokatwa. Kioo cha mlango wa gari hakifanyi hivi kwa kuwa kimepikwa kikawa kigumu. Cha nyumba mara nyingi ni cha kawaida. Hatari huongezeka kama kioo chenyewe kina rangi tayari, kina waya ndani, ni cha tabaka mbili, kama AC inapuliza moja kwa moja juu yake, au pazia zito au kabati limesogea karibu.

Hapa ndipo huduma iliyopotea inagharimu kioo kizima. Muuzaji anayeijua kazi, kabla ya kutaja bei, anauliza: kioo gani, unene gani, dirisha linatazama wapi? Watengenezaji wakubwa wana jedwali la tinti ipi ikae kwenye kioo kipi, ombeni hilo jedwali. Kwa madirisha yaliyobaki ya upande huo bandua ile nyeusi, uweke inayorudisha jua kuliko kulinywa, au nyepesi zaidi. AC igeuzwe uso, pazia lisogezwe sentimita kadhaa litoe nafasi ya hewa kupita.

Dukani wamewasha taa nyekundu nyuma ya tinti ya seramiki, nikaweka mkono, joto hamna kabisa. Wanasema inazuia 99%. Ni kweli? (Dereva wa teksi, Mbagala)

Mkono wako haukukosea, kilichokudanganya ni taa. Taa ile hutoa nguvu yake karibu yote kwa njia ya miale ya infraredi, ile ya joto isiyoonekana. Jua si hivyo: karibu asilimia 53 ya nguvu yake ni infraredi, 44 ni mwanga unaouona, 3 ni miale ya urujuanimno. Tinti inayozuia infraredi vizuri lakini ikapitisha mwanga mwingi itashinda mbele ya taa, kisha uone tofauti ndogo ukiwa foleni ya Kilwa Road. Halafu ile 99% mara nyingi imepimwa kwenye sehemu nyembamba ya infraredi, ama ni ya urujuanimno, ambayo hata tinti ya kawaida huifikia. Kwenye karatasi ya vipimo tafuta herufi TSER, yaani asilimia ya nguvu yote ya jua inayozuiwa. Seramiki nzuri ya giza la 35 huwa kati ya 50 na 60. Wakikosa karatasi hiyo, lipia bei ya tinti ya kawaida.

Muuzaji wangu amekata mali kauli. Miaka minne ananipa rola nalipa wikiendi, sasa anataka pesa kwanza. (Fundi, Tegeta)

Usimbembeleze kwa maneno. Mali kauli inakufa pale duka linapopata msimamizi mpya asiyekujua, na yeye anaangalia karatasi tu. Mpelekee karatasi: orodha ya rola ulizochukua mwaka huu, tarehe ya kuchukua, tarehe ya kulipa kwa lipa namba, na jumla. Omba rola moja tu kwa moja, yaani unalipa ya zamani siku unayochukua mpya. Akikataa hata hiyo, umeshakuwa mteja wa taslimu, basi dai bei ya taslimu. Ile uliyokuwa unalipa ilikuwa na riba ya wiki ndani yake.